Mungu Hapewi Fagia

Dada mmoja anayeuza mitumba hapa Kisumu ameniandikia wiki hii: "Nikitoa fungu la kumi, mtaji wangu utarudi mara ngapi?" Swali hilo limenisikitisha, kwa sababu najua lilikotoka. Wengi wetu tumefundishwa kumtolea Mungu kwa hesabu ya faida.

Dadangu, mimi nilianza soko la Kibuye nikiwa nimetandika gunia chini, nikiuza nguo za shangazi yangu ambazo sikuwa nimezilipia. Leo nina kibanda cha mabati, na watoto wangu wamesomeshwa na nguo hizo hizo. Nalisema bila haya. Lakini nikiketi kuhesabu, sioni nilichojipa mwenyewe. Jicho la kutambua pamba nzuri alfajiri kabla jua halijatoka, nilipewa. Moyo wa shangazi kuniamini, sikuutia mimi. Hata mteja anayepita vibanda vya wenzangu akasimama kwangu, si mimi niliyemtuma. Mfalme Daudi alipoona dhahabu na fedha ambazo watu wamechangia hekalu, alimwambia Mungu: "vitu vyote vyatoka kwako, na katika vitu vyako tumekutolea." Soma 1 Nyakati 29 kabla hujaandika bahasha yako ya sadaka.

Robota la mitumba likifunguliwa unajua mwenyewe yanayotokea. Kamera, zile nguo bora kabisa, zinatolewa kwanza, zinapigwa pasi na kutundikwa. Fagia, yale mabaki, zinamwagwa chini jioni kwa bei ya kutupa. Basi wengi tunamletea Mungu fagia: sarafu iliyobaki baada ya nauli, dakika ya mwisho kabla ya usingizi, sweta iliyotoboka ambayo tunampa yatima kisha tunapiga picha. Malaki aliwakemea makuhani waliotoa madhabahuni wanyama vipofu na vilema, akawaambia wampelekee liwali wao, yaani mtawala, waone kama atawapokea. Maneno hayo ni yetu pia.

Sasa niseme lililoniuma. Katika harambee ya kuezeka kanisa moja, siku zile nikiuza chini, majina yalisomwa kwenye kipaza sauti pamoja na kiasi cha kila mtu. Lilipofika langu, watu walicheka, na msomaji akauliza kama kuna sifuri iliyosahaulika. Zile zilikuwa pesa zangu zote za mauzo ya siku hiyo. Miaka imepita na kicheko kile bado nakisikia. Yesu naye aliketi akitazama watu wakitia sadaka, matajiri wakitia nyingi, na aliyewaonyesha wanafunzi wake ni mjane wa senti mbili. Wachungaji na wazee wa kanisa mnaosoma hapa, acheni kutangaza viwango! Mnawaaibisha watu waliokuja kushukuru.

Tena uwakili, yaani kutunza mali ya Mungu, hauishii kwenye bahasha. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anataka wakili aonekane mwaminifu. Usimwambie mteja koti ni zima na kwapa umelishona jana. Usiache plastiki zako sokoni, maana mitaro ya mji huu inaelekea ziwani, na ziwa nalo ni la Bwana. Anza na shukrani, ndugu zangu. Kabla ya kupanga bei, shukuru. Kabla ya kulalamikia mvua, shukuru. Anayejua alichopewa hasukumwi kutoa.

Kuhusu Jumapili uliyoniuliza, kama uuze au uende ibada, najua ndiyo siku kubwa Kibuye na huwezi kuipoteza kirahisi. Mimi huenda ibada ya kwanza, kisha nafungua kibanda. Wapo wanaonilaumu, nami nimewasikia.

Na kama robota ulichukua kwa mkopo, mlipe mwenye mali siku mliyoahidiana. Usimwambie aje kesho eti pesa umeitoa kanisani. Kinachobaki baada yake ndicho chako; katika hicho toa cha kwanza, bila kungoja mwisho wa mwezi.