Je, pepo wabaya ndio wanaotawala mataifa?

Ndugu, umeuliza: kama Danieli 10 inamtaja "mkuu wa Uajemi" aliyempinga malaika siku 21, je, kila taifa lina pepo wake anayelitawala?

Mimi nakubali kwamba huyo mkuu ni roho. Calvin, yule mwanamageuzi wa karne ya 16, alimwona kuwa binadamu, mfalme Kambise wa Uajemi, lakini mstari wa 13 unamwita Mikaeli naye "mmoja wa wakuu", na Mikaeli si mfalme wa duniani. Ila angalia vizuri: huyo mkuu anapinga, anachelewesha. Ujumbe ulifika hata hivyo.

Halafu soma Kumbukumbu la Torati 32:8. Biblia zetu nyingi zina "hesabu ya wana wa Israeli", lakini gombo la kale lililopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, lina "wana wa Mungu", na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, inasema malaika. Kwa hiyo wazo la mataifa kugawiwa viumbe wa rohoni ni la kale, ila anayegawa ni Aliye Juu.

Watu hupenda kurukia Luka 4:6, Shetani anapodai milki zote zimo mikononi mwake. Sawa, Yesu hakubishana naye pale, lakini tangu lini tukachukua neno la baba wa uongo kama hati miliki? Kwa Pilato, Yohana 19:11, Yesu anasema mamlaka ya Pilato yametoka juu. Danieli 4:17 vilevile: Aliye Juu ndiye anayetawala falme za wanadamu.

Kwa hiyo kuvuruga, ndiyo. Kutawala, hapana. Wewe 1 Yohana 5:19, inayosema dunia yote hukaa katika yule mwovu, unaisomaje? Hiyo ndiyo inayonisumbua bado.