Re: Mkopo nimepata ila boom haijaingia

Mambo mdogo wangu, pole sana. Nimekuelewa, Bodi ya Mikopo (HESLB) wamekupangia mkopo, ada imeshaenda chuo ila boom, yaani ile pesa ya kujikimu, wenzako wamepata wewe wiki ya tatu bado. Kwanza kabisa, umesaini? Nenda ofisi ya mikopo hapo chuoni uangalie kama jina lako lipo kwenye listi ya malipo, maana bila kusaini pesa haitoki hata kama mkopo umepangiwa. Kama umesaini, linganisha jina lako la kwenye akaunti ya benki na la kwenye mkopo herufi kwa herufi. Mimi kadi ya benki ilikuwa "Mohamed", cheti cha fomfo "Mohamedi", hiyo i moja ikanilaza njaa hosteli ya Mabibo karibu mwezi mzima. Yako sijaiona, ila anzia hapo.

Ikiingia sasa, usiione ni laki sita ukachanganyikiwa, ni elfu kumi kwa siku na inatakiwa ifike siku 60, kwa hiyo toa kodi ya geto na nauli siku hiyohiyo, inayobaki igawe kwa wiki. Na ni deni hilo, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Ukishatoka ofisini niambie walichokujibu.