Kabla ya Blenda, Ungo

Ndugu Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama kinywaji cha matunda, maziwa na siagi ya karanga kinaweza kuchukua nafasi ya kifungua kinywa. Nilipolisoma swali hilo jibu langu lilikuwa hapana, tena hapana yenye uchungu, kwa sababu nimelelewa katika nyumba ambayo asubuhi watu huketi mkekani, hunywa uji wa mtama na kuulizana wamelalaje, na kikombe ambacho mtu anakigugumia mlangoni huku ameshika ufunguo sijawahi kukiita mlo. Lakini kila nilipojaribu kuandika sababu zangu, aliyenijia akilini alikuwa marehemu baba yangu, kwa hiyo naomba nianze na habari zake.

Mwaka 2016, hapa Dodoma, baba aling'olewa meno kadhaa wakati ambapo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua homa ya matumbo. Nguo zilimpwaya, ugali ulimshinda, na uji alikuwa akinywa vijiko viwili tu kisha anasogeza bakuli. Nilinunua kopo la unga wa protini lililokula sehemu kubwa ya mshahara wangu, naye akasema lina harufu ya dawa. Ndipo nikaazima blenda kwa jirani na, kwa pupa, nikasaga nanasi pamoja na maziwa, nikayaacha mezani nikisubiri aamke. Maziwa yalikatika yakawa machungu, kwa maana nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, kama papai bichi linavyolainisha nyama. Baba alionja, akakiweka kikombe chini taratibu, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akageukia ukutani.

Siku mbili baadaye shangazi aliwasili kutoka Kondoa na kilo tatu za karanga. Nilitaka tuzikaange na kuzisaga saa ile ile, lakini alikataa. Alizimimina kwenye ungo, akavuta kigoda hadi penye mwanga wa mlango, akaanza kuzichambua moja moja. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu alizitenga kando, na kazi hiyo ilimchukua alasiri nzima, huku mimi nikiingia na kutoka, nikiona kwamba mgonjwa wetu anacheleweshwa bure. Nilipotaka kuwatupia kuku zile mbovu alinishika mkono: "Hizo ni za kufukia, mwanangu. Kuku nao si tunawala?" Mwaka huo huo watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoshambulia mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizowekwa penye unyevu, huharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Shangazi hakulitaja neno sumukuvu hata mara moja. Alichofundishwa ni kwamba karanga chungu hutemwa, haimezwi.

Zilizobaki alizikaanga katika sufuria kavu kwa moto mdogo, akazipeta maganda, tukazisaga bila sukari wala chumvi mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe. Asubuhi tulichanganya glasi ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ndizi mbivu moja, na vijiko viwili vikubwa vya siagi ile. Baba alikinywa chote akiwa ameketi mkekani, shangazi yuko pembeni akimwuliza amelalaje, kisha akauliza kama kimebaki kingine. Baada ya miezi miwili mkanda wake ulirudi kwenye tundu lake la zamani.

Nimepiga hesabu upya leo. Maziwa yale yana takribani gramu 8 za protini, siagi ya karanga gramu 7 au 8, na ndizi kama gramu 1, ambayo kwa jumla ni zaidi ya protini ya mayai mawili, na hakuna kopo la unga lililohitajika. Kwa hiyo, Mhariri, hapana yangu imelegea nilipokuwa nikiandika. Swali ambalo ningependa mngeliuliza ni nani amezichambua karanga hizo, na msidhani kopo la dukani linatuondolea swali hilo, kwani mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya liliondoa sokoni chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Basi jibu langu ni ndiyo, kinaweza, hasa kwa mzee, kwa anayetoka kuugua na kwa asiyeweza kutafuna, ilimradi karanga zimechambuliwa, sukari haikuongezwa na hakuna yai bichi lililovunjwa ndani yake kama vijana wa mazoezi wanavyopenda kufanya. Mwenye mzio wa karanga asiguse kabisa, na mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza. Kuhusu mwanangu, anayewahi daladala saa kumi na moja alfajiri na kunywa akiwa amesimama, bado sijashawishika moja kwa moja. Namtengenezea kila siku, lakini namfungia na yai la kuchemsha na kiazi kitamu ndani ya mkoba.

Msomaji wenu, Dodoma