Kipanya Kimoja, Kompyuta Mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari Morogoro, na kompyuta mbili: ya mezani na laptopu, zote Windows 11. Kipanya na kibodi ni seti moja, printa pia moja. Kutwa nachomoa na kuchomeka, hadi tundu la USB limelegea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza acha kuchomoa, tundu likifa utanilaumu mimi!

Pakua PowerToys ya Microsoft kwenye kompyuta zote mbili. Ni ya bure. Washa sehemu iitwayo Mouse Without Borders. Kompyuta ya kwanza itakupa ufunguo wa siri, uuandike kwenye ya pili. Basi. Ukisukuma mshale hadi ukingoni mwa skrini, unavukia upande wa pili, na kibodi inaufuata. Hata maandishi uliyonakili huku unayabandika kule. Sharti ziwe kwenye mtandao mmoja. Ruta isiyo na bando inatosha. (Laptopu yangu ni ya Linux, ambako programu hiyo haifiki, kwa hiyo natumia Input Leap.)

Ila kompyuta iliyochomekwa kipanya ikizimwa, nyingine inabaki yatima. Na printa haihamishwi kwa njia hii. Ama uiruhusu itumike kupitia mtandao kutoka kompyuta ya mezani, ama ununue swichi ya USB, kile kiboksi chenye kitufe: unabonyeza, printa inahamia laptopu. Wewe unayehudumia foleni ya fotokopi, ningekushauri kiboksi.