Sumaku za spika kwenye rimu ya baiskeli

SWALI: Shikamoo fundi. Nimefunga sumaku 16 za spika mbovu kwenye rimu ya baiskeli, na nyingine nimeiweka pembeni kwenye ubao ili zisukumane, gurudumu lizunguke lenyewe bila umeme. Nikiachia, gurudumu linaondoka kwa kasi, halafu linagoma, linarudi nyuma, linabembea na kutulia. Nimesikia Mmarekani Howard Johnson alipewa hataza ya mota ya namna hii mwaka 1979. Nina shilingi 150,000 za kununulia sumaku kali za neodimiamu. Ninunue? – Msomaji, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue.

Kabla sijaanza kusuka mota hapa Unga Limited, Arusha, nilikaa na gurudumu kama lako miezi mitano. Nahamisha sumaku kidogo huku, kidogo kule, usiku silali. Kila mara nilijiambia bado kidogo tu.

Jibu liko palepale linapogoma. Sumaku inayolisukuma gurudumu likiondoka ndiyo iliyolizuia likija. Pima mwenyewe: chukua mizani ya kuning'iniza, funga kamba kwenye ukingo wa rimu, soma nguvu kila nyuzi 10 mpaka mzunguko uishe. Jumlisha zinazokwenda mbele, toa zinazorudisha nyuma. Mimi nilibaki na sifuri, ukiacha kutetemeka kwa mkono. Neodimiamu itakuza pande zote mbili sawasawa, tena zikigongana zinaponda vidole.

Hataza ya Johnson ipo kweli. Lakini hataza humlinda mtu asiibiwe wazo. Si cheti kwamba mashine ilitoa umeme. Bodaboda za umeme nazo zina sumaku za kudumu, ila kinachozungusha ni koili zinazolishwa na betri, zikibadilisha ncha kwa wakati wake. Betri ikiisha, unasukuma.

Wewe umekulia kwenye mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachagga. Maji yale yanafanya kazi kwa sababu jua liliyapandisha mlimani kwanza, yakanyesha. Sumaku haina wa kuipandisha tena.

Sasa rimu yako usiibomoe, maana umeshajenga nusu ya jenereta! Geuza sumaku zipishane, kaskazini, kusini, kaskazini, mpaka zote 16. Mbele yake panga koili 12 za waya wa shaba, nne nne kwa kila fezi, yaani makundi matatu yanayotoa umeme kwa kupokezana, zisiguse sumaku lakini ziwe karibu sana. Hapo ndipo hela yako iende: waya, beringi nzuri na daiodi za kugeuza umeme uingie kwenye betri.

Wa kuizungusha ni maji ya mfongo: lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 5 zina wati 490. Wewe hutazipata zote, na sumaku za spika ni dhaifu. Hata ukipata 50, taa za LED nyumba nzima zinawaka na simu zinachajiwa. Ila maji ya mfongo yana zamu. Kaongee na wazee wake kabla hujachimba.

Na vile vipimo 36 vya mizani, niandikie vyote. Nataka kuviona.