Sarafu yenye patina: kabla ya kuituma ikapimwe, jiulize utamuuzia nani

Vijana wanaoanza kukusanya sarafu hapa Lubumbashi huniuliza karibu jambo moja: "Yaya, hii yangu imegeuka rangi vizuri yenyewe, ina patina, niitume kwa wapimaji ikapewe daraja?" Mara nyingi nawajibu hapana, hata pale sarafu inapokuwa nzuri. Mnunuzi wa hapa mjini, wa mtaa wa Kamalondo, hatakuongezea hata falanga moja kwa ajili ya kasha la plastiki ambamo wapimaji huifungia sarafu pamoja na daraja lake. Yeye anataka kuishika, kuipima kwenye mizani, kuigeuzageuza juani. Kasha humfaa mtu wa Bruseli au wa Marekani ambaye ataiona sarafu kwa picha tu, na hana namna ya kujua kama wewe ni mkweli. Unalipa ili huyo wa mbali apate neno la mtu wa tatu. Kama huyo wa mbali huna, huna cha kulipia.

Makampuni makubwa ya kazi hii ni mawili, yote ya Marekani: PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987. Wanatumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kile alichobuni mtaalamu wa sarafu wa Marekani, William Sheldon, mwaka 1949. Ila kwa sarafu yenye patina, kabla ya namba linakuja swali jingine: rangi hii ilikuja yenyewe, au kuna mtu aliyeilazimisha? Wakiwa na shaka hawakupi namba. Wanaandika tu kwamba sarafu ni halali lakini rangi yake inatiliwa shaka. Kwa PCGS kasoro hiyo ina msimbo wake, 91, ambao si daraja, na iliyosuguliwa ina msimbo 92. Ada umeshalipa, na sasa kasha lenyewe linamtangazia kila mnunuzi kasoro ya mali yako. Bora ungeiacha kwenye bahasha yake.

Kwa hiyo fanya kazi yao kwanza, nyumbani. Chukua mfano wa faranga 5 za Leopold II za Dola Huru ya Kongo, zilizoanza kupigwa 1887: gramu 25, fedha ya 900 kwa 1000. Ipime uzito kwanza, kwa sababu za bandia ni nyingi na hakuna patina itakayoiokoa ya bandia. Kisha kaa chini ya taa moja tu, zima nyingine zote (SNEL, shirika letu la umeme, wakati mwingine inakusaidia hapo kwa kuukata), uinamishe sarafu polepole huku unatazama kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia. Salfa iliyo hewani, kwenye karatasi ya bahasha au kwenye ngozi ya pochi hujenga utando mwembamba juu ya fedha, na unene wa utando huo ndio unaoleta rangi: kwanza dhahabu, halafu wekundu wa zambarau, halafu buluu. Patina ya kweli hufuata mpangilio huo, kwa kawaida ikianzia ukingoni kwenda katikati, na rangi moja huyeyukia nyingine bila mpaka mkali. Buluu kali iliyokaa katikati ya uso mweupe, bila dhahabu wala zambarau pembeni yake, kaa mbali nayo. Tazama pia karibu na herufi na ndevu za mfalme: sehemu zilizojificha mara nyingi hubaki na rangi hafifu. Iliyopikwa kwa moto au kemikali hupakwa kila mahali, hata ndani ya mikwaruzo, kama rangi ya nyumba.

Sasa tazama chini ya rangi. Huku ndiko wengi wanakopotea, kwa sababu rangi inavuta macho. Ukiinamisha sarafu ambayo haikutumika, mng'ao unapaswa kuzunguka kwenye uwanja wake, yaani sehemu bapa isiyo na mchoro, ukipita chini ya patina bila kukatika. Ukiona badala yake mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, sarafu hiyo iliwahi kusuguliwa, huenda kwa majivu na ndimu kama mama zetu wanavyong'arisha vyombo, kisha ikageuka rangi upya. Rangi ya sasa inaweza kuwa ya asili kabisa. Bado utapewa 92.

Na asili si uzuri. Faranga 50 za tembo za 1944, zilizopigwa Pretoria, ni nusu fedha tu, na nyingi nilizoziona hapa zimeishia kahawia ya matope. Patina ikishakuwa nyeusi nzito imekwisha kula mng'ao, na daraja linashuka. Usijaribu kuiosha, tafadhali.

Kuhusu sarafu za Katanga za 1961, zile zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa mukuba (shaba) upande wa pili: najua tunavyozipenda, ni zetu. Lakini ni bronzi na zinapatikana kwa wingi. Kwa shaba na bronzi wapimaji hutenganisha nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia, na ya kahawia ni nadra kurudisha gharama. Ile ya faranga 5 ya dhahabu ya mwaka huo huo ni habari nyingine kabisa.

Gharama zenyewe zihesabu zote kabla hujaota: ada ya kupima, usafirishaji kwenda na kurudi, bima, ushuru, na asilimia ya mfanyabiashara anayekusanya za wengi na kuzituma pamoja. Tuseme jumla ni dola 100, na sarafu bila kasha inauzwa 150. Mimi siitumi mpaka nione kwa bei za minada iliyokwisha kufanyika kwamba yenye kasha inafika 400. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu.

Ukishaamua, itoe kwenye vile vifuko laini vya plastiki vya sokoni, maana huacha utando wa kijani unaonata. Huo huondolewa kwa asetoni safi ya maabara, bila kusugua, na patina haiguswi. Ya kuondolea rangi ya kucha usiitumie, ina manukato na mafuta. Piga picha pande zote mbili. Mfanyabiashara atakayezituma kwa niaba yako akuandikie risiti yenye mwaka na uzito wa kila sarafu. Na kwenye fomu ya kifurushi usiandike kwamba thamani ni dola 10 ili kukwepa ushuru: kifurushi kikipotea, bima itakulipa hizo 10.