Kabla hujaingia ndani ya Iron Lung

Mtu akiniuliza aanzie wapi na magemu ya kutisha, mara nyingi anategemea nimtajie gemu kubwa la mazimwi na bunduki ambalo atalicheza mwezi mzima. Mimi humtajia Iron Lung. Linakwisha kwa saa moja hivi. Lilitengenezwa na David Szymanski, yule yule aliyetengeneza gemu la Dusk, likatoka Machi 2022, na bei yake iko chini ya dola 10. Ndani yake huna bunduki, huna pa kukimbilia, na huna hata dirisha la kuchungulia nje.

Nimelicheza mwenyewe, na nimekaa pembeni nikiwatazama ndugu na marafiki wakilicheza. Wapo waliovua hedifoni wakiwa hawana maneno, na wapo waliosema "mbona hamna kitu". Nilidhani tofauti ni ujasiri wa mtu, lakini kila nilipozidi kutazama niliona ni namna ya kucheza. Gemu hili linakutisha kwa kukunyima kuona. Ukijitafutia njia ya kuona, umelimaliza kabla hujalianza.

Nieleze kisa bila kuharibu utamu. Nyota zote na sayari zote zinazoweza kukaliwa na binadamu zimetoweka ghafla, na hakuna ajuaye sababu. Tukio hilo linaitwa Unyakuo wa Kimya. Waliobaki ni wale tu waliokuwa kwenye vituo vya angani na kwenye vyombo vya safari, na akiba yao inakwisha. Kisha kwenye mwezi mmoja mkavu uitwao AT-5 inaonekana bahari. Bahari ya damu. Wewe ni mfungwa. Wamekutia ndani ya nyambizi kuukuu, mlango wakauchomelea kwa nje, na dirisha la mbele wakalifunika kwa chuma kwa kuwa nyambizi yenyewe haikuundwa kuhimili kina hicho. Umeahidiwa uhuru ukipita kwenye vituo vilivyowekwa alama kwenye ramani na kupiga picha kila kimoja.

Kazi nzima ni hiyo. Mbele yako kuna namba tatu: X, Y na nyuzi za uelekeo wako. Kuna vitufe vya kwenda mbele, kurudi nyuma na kugeuka, na kuna vitaa vinavyowaka na kulia ukikaribia mwamba. Kamera iko nyuma ya chumba. Ukitaka kujua nje kuna nini, inabidi uache usukani, ugeuke, utembee hatua chache, ubonyeze kitufe, usubiri. Picha inatokea nyeusi na nyeupe, yenye chengachenga, nayo ni picha iliyosimama, si video. Kati ya picha moja na nyingine wewe ni kipofu. Ni kama kutembea gizani, mikono mbele, kwenye nyumba uliyohamia leo.

Sasa ushauri wangu mkubwa kuliko yote: weka karatasi na penseli mezani. Ramani imo ndani ya gemu, ndiyo, lakini haikuoneshi ulipo. Hakuna mshale, hakuna doa linalotembea. Lazima usome namba zako, utafute sehemu hiyo kwenye ramani, ukadirie ukuta uko umbali gani, halafu uamue nyuzi za kugeukia. Mwanzoni, kabla hujaenda mbali, geuka kidogo kulia na kushoto uone namba ya nyuzi inapanda ukielekea wapi, kisha songa kidogo uone X na Y zinavyobadilika. Andika. Chora njia yako, weka alama pale unapogeukia, andika muda gani umesonga mbele kabla ya kengele kulia.

Wengine wananiambia hiyo ni kazi ya shule. Nawaelewa, lakini nimeona inachofanya. Asiyechora anaendesha kwa kubahatisha. Akigonga kitu anadhani ni mwamba, anarudi nyuma, anaendelea. Aliyechora anajua yuko wapi. Amehesabu mwenyewe, ana uhakika kuwa kulia kwake ni wazi na kushoto kwake ni wazi, kisha anasikia mshindo kwenye chuma. Huyo ndiye anayeganda. Hakuna aliyemrukia, hakuna uso uliojitokeza kwenye skrini, ni hesabu yake tu inayomwambia kuwa mahali hapo hapakupaswa kuwa na kitu. Hofu ya namna hiyo sijaipata kwenye gemu lolote kubwa, na ninaamini Szymanski aliijenga makusudi kwa zile namba tatu.

Ukishazoea usukani, piga picha hata mahali pasipo na alama. Vituo vya lazima vina mambo yake, lakini ile tabia ya kusimama katikati ya safari, kugeuka, na kubonyeza kitufe bila sababu ni yenye faida kubwa. Mara nyingi utaona mwamba na ukungu tu. Usikate tamaa kwa hilo. Na usipite kompyuta ndogo iliyomo humo ndani bila kuisoma. Maandishi yake ni machache, yamebanwa, na ndiyo yanayokuonesha kwamba waliokutuma nao ni watu waliokwisha kukata tamaa. Mtu asiyeyasoma anacheza gemu la nyambizi. Aliyeyasoma anacheza gemu la mwisho wa dunia.

Kuhusu sauti, vaa hedifoni. Si lazima ziwe za bei kubwa, ilimradi pande zote mbili zinafanya kazi na zinazuia kelele za nje. Sehemu kubwa ya kile kinachotisha humu kinaingia kwa masikio: injini, chuma kinacholia kwa mgandamizo, mlio wa vitaa, na vile vishindo ambavyo huna namna ya kuvieleza. Muziki wa jirani na pikipiki za mtaani vinaua kila kitu. Kwa hiyo cheza usiku, na cheza mara moja hadi mwisho. Chaji laptopu hadi ijae kabla ya kuanza, maana umeme ukikatika katikati ya safari, ile hali haijirudii. Utakapowasha tena utakuwa unacheza tu ili umalize.

Laptopu ya kawaida inatosha. Yangu ni ya kazini, haina kadi ya picha ya maana, na gemu lilikwenda bila kukwama. Mwonekano wake ni wa zile mashine za kuchezea magemu za miaka ya 1990, pembe ngumu na picha zenye chengachenga, na kuna watu huongeza mwanga wa skrini wakidhani wanalirekebisha. Liacheni hivyo. Zile chengachenga ndizo zinazofanya picha ya kamera iwe ya kutisha. Unaikodolea macho, unaona umbo, huna hakika kama ni jiwe.

Usitazame video za wengine kabla ya kucheza. YouTube imejaa, na najua bando ni ghali na video fupi inajaribu. Lakini gemu la saa moja lina mshangao mmoja wa mwisho, na njia yote inaelekea huko. Hata filamu iliyotokana nalo, aliyoitengeneza Markiplier wa YouTube, ningekushauri uitazame baadaye. Filamu lazima ikuoneshe sura ya mtu na ya mahali. Gemu halikuoneshi.

Kuna watu ambao siwashauri kabisa. Kama lifti iliyokwama au chumba kisicho na dirisha hukufanya ukose pumzi, acha. Nasema hivyo nikiwa na Juni 2023 kichwani, wakati nyambizi ndogo ya Titan ilipopotea ikielekea kwenye mabaki ya Titanic na watu watano waliokuwemo wakafa. Siku zile mauzo ya Iron Lung yalipanda ghafla, na Szymanski mwenyewe alionesha wazi kwamba hakufurahia kuuza kwa njia hiyo. Nilimheshimu. Kwa mtu mwenye hofu ya kufungiwa, hadithi hii ya kubuni iko karibu mno na kitu kilichowapata watu halisi, na hakuna aibu kulipita.

Jambo lingine ni la pesa, na naliona zito. Steam, duka la magemu la mtandaoni, inaruhusu kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu ununue ikiwa umecheza chini ya saa mbili. Utaratibu huo ni mzuri, unamlinda mnunuzi, hasa gemu likigoma kufunguka. Lakini kwa gemu linalokwisha kwa saa moja, mtu anaweza kulimaliza, akafurahi, kisha akadai fedha yake yote. Tafadhali usifanye hivyo. Nyuma ya magemu mafupi mara nyingi kuna mtu mmoja au wachache wasio na kampuni kubwa ya kuwabeba. Kama bei inakuumiza, na najua dola chache hapa kwetu ni fedha ya chakula, weka gemu kwenye orodha ya unayoyataka usubiri punguzo. Na ukilipenda, andika maoni yako chini yake, hata kwa Kiswahili. Maoni hayo yana uzito kwa mtengenezaji mdogo.

Ukitoka salama, linalofuata kwa maoni yangu ni Mouthwashing, la kikundi cha Wrong Organ kutoka Sweden, lililotoka Septemba 2024. Lina urefu wa kama saa tatu. Meli ya mizigo iitwayo Tulpar imegonga kitu angani, wafanyakazi watano wamenaswa ndani, nahodha ameungua na hawezi kusema wala kujisogeza, na chakula kinapungua. Huko kinachotisha si kilicho nje ya meli bali mtu mwenye cheo asiyetaka kuwajibika kwa alichofanya. Hadithi inaruka kati ya kabla na baada ya ajali, kwa hiyo penseli yako itakufaa tena: andika ni siku gani unaiona na unaiona kwa macho ya nani. Ila uwe umejiandaa, kwa maana linagusa ukatili wa kingono, ulevi na kujiua. Halioneshi yote waziwazi, lakini ukimsikiliza Anya, muuguzi wa meli, kwa makini, utaelewa alichokuwa akijaribu kusema tangu mwanzo. Kama mambo hayo yamewahi kukupata wewe au mtu wako wa karibu, chagua siku ambayo una mtu wa kuzungumza naye ukimaliza, au liache.